Tabaka Lililofichika katika Ukuta wa Koo

Mtoto anapofikishwa zahanati, iwe Kibondo au Kasulu, akiwa na homa, shingo imekakamaa na udenda unamchuruzika, mhudumu hufikiria kwanza malaria au homa ya uti wa mgongo. Ni sawa kuyafikiria hayo. Hata hivyo, chanzo chaweza kuwa nyuma ya koo. Ili kuelewa sababu yake, yafaa tuutazame ukuta wa koromeo.

Ukuta huo una matabaka manne. La ndani kabisa ni utando wa ute, ule tunaouona mgonjwa anapopanua kinywa. Chini yake lipo tabaka la tishu unganishi, imara na lenye nyuzinyuzi, ambalo wanaanatomia huliita faskia. Kwa juu limejishikiza kwenye kitako cha fuvu. Hapo ndipo lilipo nene zaidi, kwa kuwa misuli haifiki kwenye fuvu na tabaka hili ndilo linaloziba pengo. Ndilo pia linaloufanya mfuko wa mafindofindo. Tabaka la tatu ni misuli inayosukuma tonge kwenda chini. La nne, nje ya misuli, ni faskia nyingine iliyo nyembamba.

Nyuma ya faskia hiyo ya nje, mbele ya uti wa mgongo, ipo nafasi yenye tishu laini. Nafasi hiyo huliwezesha koo kupanda na kushuka tunapomeza. Faida hiyo ina hatari yake: nafasi hiyo hushuka hadi kifuani, na usaha ukiingia humo waweza kufuata njia hiyo hiyo.

Kwa watoto wadogo, nafasi hiyo ina tezi za limfu zinazopokea maambukizi ya pua na koo, nazo zaweza kutunga jipu. Tezi hizo hunyauka kadiri mtoto anavyokua, kwa kawaida kufikia umri wa miaka 5. Kwa mtu mzima, jipu hilo mara nyingi hutokana na jeraha, hasa mwiba wa samaki.

Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika huliwa sana hata huku milimani. Mwiba ukikwama, wengi humeza tonge kubwa la ugali ili uteremke. Tonge hilo laweza kuuzamisha mwiba zaidi na kuyatoboa matabaka tuliyoyataja. Vivyo hivyo, kukata kimeo kwa mtoto mwenye kikohozi, desturi inayopatikana katika sehemu nyingi za Tanzania, hakuponyi kikohozi, bali hufungua mlango wa damu kuvuja na vijidudu kuingia.

Mzazi, usisubiri iwapo mtoto anashindwa kumeza, anachuruzika udenda, hawezi kugeuza shingo, sauti yake imebadilika au anakoroma akivuta pumzi. Nawe mhudumu, mwache akae katika mkao anaouchagua mwenyewe. Usimlaze chali kwa nguvu wala usimchokonoe koo, kwani jipu laweza kupasuka na usaha ukaingia mapafuni. Anza dawa za viuavijasumu kwa mujibu wa mwongozo, kisha umpe rufaa mapema. Safari ya kutoka Kibondo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, ni ndefu. Kwa hiyo uamuzi ufanyike kabla pumzi haijaanza kumtatiza.