Maji ya kuku yagandapo, Kiswahili kina la kusema

Kuna dai ambalo halichoki kuzuka katika vikao vya walimu wa lugha, kwamba Kiswahili, kwa kuwa kilizaliwa katika pwani yenye joto, hakiwezi kuyazungumzia maisha ya nchi za baridi pasi na kuombaomba maneno. Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alilileta dai hilo darasani akiwa na mfano aliodhani hauna jibu. Dada yake anaishi katika jimbo la Minnesota nchini Marekani na anafuga kuku nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshindwa kumweleza mama yao aliye Kilifi kwa nini kuku hao wanashikwa na kiu ilhali ndoo yao imejaa maji. "Mwalimu," akaniuliza, "hayo nayo yatasemwaje kwa Kiswahili?"

Yatasemwa hivi. Maji yameganda, na kuku hana meno.

Mdomo wa kuku waweza kudonoa utando mwembamba wa barafu, lakini utando huo ukifikia unene wa kidole kimoja, ndoo iliyojaa na ndoo tupu kwake ni mamoja. Kuku mtagaji hunywa takriban nusu lita kwa siku, na yai analolitaga, ukiliondoa kaka lake, ni maji kwa kiasi cha robo tatu. Akikosa maji kwa siku moja tu, utagaji huanza kuyumba. Isitoshe, kuku hanywi gizani, na mchana wa mwishoni mwa Desemba katika majimbo yale hauzidi saa 9 hivi. Mfugaji anapotoka kazini jioni na kukuta barafu, siku ya kuku imekwisha.

Niliyashuhudia haya nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika jimbo jirani la Wisconsin. Nilipanga chumba kwa familia ya wakulima, na nilijifunza upesi kwamba kazi ya kwanza ya asubuhi si kuwalisha kuku bali ni kuwanywesha. Usiku wa Januari kipimajoto huteremka hata nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Walitumia mabeseni ya mpira mweusi, na sababu ni mbili. Weusi huvuta joto la jua, kama jua lipo. Tena mpira haupasuki maji yanapoganda na kutanuka, ilhali plastiki ngumu hupasuka. Asubuhi beseni hupinduliwa, likapigwa teke, na barafu ikatoka nzima kama keki. Sisi husema maji yakimwagika hayazoleki. Kule nimeyaona yakizolewa kwa mikono miwili na kutupwa ng'ambo ya ua. (Wanafunzi wa fasihi simulizi na wakumbuke kwamba methali nayo ina tabia yake ya nchi.)

Walimu wa fizikia wana somo zima hapa. Maji yakishafika nyuzi sifuri hayagandi papo hapo. Sharti kwanza yapoteze joto fiche. Lita moja ya maji yaliyo kwenye nyuzi sifuri hutoa kilojuli 334 hivi ili kuganda yote. Ni karibu sawa na joto ambalo lita hiyo hiyo hulipoteza ikishuka kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Kwa hiyo anayemwaga maji vuguvugu ya nyuzi 40 asubuhi amejinunulia muda, lakini muda kidogo kuliko anavyodhani. Anayetumia chombo kikubwa chenye mdomo mdogo amefanya jambo la maana zaidi, kwa sababu maji mengi yana joto fiche jingi la kutoa, na joto hilo hutoka hasa kupitia pale yanapokutana na hewa.

Sasa kuna ushauri mmoja ambao wafugaji huupokezana kana kwamba ni wahyi: jaza chupa maji ya chumvi, ifunge, uielekeze kwenye maji ya kuku, nayo hayataganda. Mimi siuamini. Ni kweli kwamba chumvi huteremsha kiwango cha kuganda. Maji ya bahari ya kawaida huganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri. Lakini chumvi iliyofungwa chupani inayazuia kuganda maji ya chupani tu. Haina joto la kuwapa majirani. Pengine chupa ikichezacheza kwa upepo itauchelewesha utando wa kwanza, na hapo ndipo sifa zake zinapokoma. Kuitia chumvi hiyo moja kwa moja katika maji ya kunywa ndiko kubaya zaidi, kwani chumvi nyingi ni sumu kwa kuku.

Wenye umeme hutumia kibao chenye waya wa joto chini ya chombo cha bati. Wengine walikuwa wakitia balbu ya wati 40 ndani ya mkebe, wakaweka chombo juu yake. Mbinu hiyo ilitegemea ubovu wa balbu za zamani, ambazo zilitoa joto jingi kuliko mwanga. Balbu za kisasa zinazobana umeme hazitoi joto la kutosha, na kanuni za Marekani zilizoanza kutekelezwa kikamilifu Agosti 2023 zimeziondoa madukani nyingi za aina ile ya kale. Taa kubwa za joto zinazoning'inizwa juu ya matandiko makavu ndizo za kuogopwa. Banda la mbao, maranda, vumbi la manyoya na taa iliyoanguka usiku: moto haungoji mwaliko.

Je, katika maelezo yote hayo, Kiswahili kimekwama wapi? Barafu tunayo, na asili yake ni Kiajemi, ambako neno hilo humaanisha theluji. Theluji tunayo kutoka Kiarabu, na jalidi vilevile. Kuganda na kuyeyuka ni vyetu tangu jadi, na huhudumia damu, samli na maji bila kulalamika. Mnamo Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro alimuuliza kiongozi wake kitu kile ni nini. Kiongozi akamjibu neno moja, baridi. Wapo waliolisoma jibu hilo kama dalili ya umaskini wa lugha. Mimi naliona kuwa jibu sahihi la mtu aliyekitaja kitu kwa athari yake. London nako, William Desborough Cooley, aliyekuwa na neno la theluji katika lugha yake tangu utotoni, aliendelea kwa miaka kukana kwamba theluji hiyo ipo.

Neno ambalo wanafunzi wangu hawakulijua ni la nyumbani kabisa, nalo ni undu, yaani ile nyama nyekundu ya utosini mwa jogoo ambayo wengine huiita upanga. Baridi kali huuharibu undu hata ncha zake zikawa nyeusi na kufa, hasa hewa ya bandani ikiwa na unyevu. Ndiyo maana wale wenyeji wangu wa Wisconsin walikuwa wakiyatoa maji bandani kila jioni, kwa kuwa kuku hatayanywa usiku, na mvuke wake hautui pengine ila utosini mwake. Huko Quebec, nchini Kanada, mtawa Wilfrid Châtelain wa abasia ya Oka alianza mwaka 1908 kuzalisha kuku wa kuihimili baridi hiyo. Kuku huyo, anayeitwa Chantecler, alitambuliwa rasmi Marekani mwaka 1921, na undu wake ni mdogo mno hata baridi haina pa kuushika.