Moshi, Kutu na Oili Chafu: Gharama ya Kufufua Magari ya Kale

Kufufua gari la kale ni burudani inayodai fedha, subira na uwanja wa kutosha, kwani anayeifanya hununua chombo kilichochakaa, mara nyingi kisichowaka kabisa, akakifungua kipande kimoja kimoja, kisha akatumia miezi au hata miaka kukirudisha katika hali kiliyotoka nayo kiwandani. Afrika Mashariki burudani hii haikuzuka juzi. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakiwa sehemu ya shamrashamra za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliyajengea sifa magari ambayo hadi leo hutajwa na watu wasiowahi kushika usukani: Volvo PV544 aliyoshinda nayo Joginder Singh mwaka 1965, Datsun 240Z aliyoshinda nayo Shekhar Mehta mwaka 1973, na Peugeot 504 iliyompa Ove Andersson ushindi mwaka 1975. Magari ya rika hilo yanaendelea kuonekana katika mbio za Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, na katika maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, ambako waamuzi huchungulia hadi uvunguni mwa gari wakitafuta tope na mafuta yanayovuja.

Lawama inayotolewa mara nyingi dhidi ya magari haya ni moshi wake, na mashabiki nao hujitetea kwa kusema kwamba gari lililokwisha kutengenezwa halihitaji chuma kipya wala kiwanda kipya. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zote mbili huliacha nje suala lenye uzito zaidi, yaani yale yanayotendeka gereji kabla gari halijaingia barabarani.

Hesabu ya moshi ni rahisi kuifuata. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, ambayo ndiyo gesi kuu inayoongeza joto la dunia. Chukulia Peugeot 504, gari lililotoka mwaka 1968, likateuliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya mwaka 1969, likaendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi miaka ya 2000 na kubeba abiria wa safari za mbali katika umbo lake lenye safu tatu za viti. Ikiwa 504 inakunywa lita 12 kwa kilomita 100, na mwenyewe anaitoa Jumapili na siku za maonyesho tu, tuseme kilomita 1,500 kwa mwaka, basi itachoma lita 180 na kutoa kilo zipatazo 410 za hewa ya ukaa. Gari hilohilo likitumiwa kila siku kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, kiasi hicho kinapita tani 4. Kutengeneza gari jipya hukadiriwa kutoa tani 6 au zaidi, kwa hiyo gari jipya linalokunywa nusu ya mafuta ya 504 litafidia utengenezaji wake kwa miaka mitatu hivi kwa mtu wa safari za kila siku, ilhali kwa mtu wa Jumapili litahitaji karibu miaka thelathini.

Hata hivyo, utetezi huo una kasoro katika mazingira ya hapa. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeacha gari la kale kwa kawaida hanunui gari jipya. Hununua gari lililotumika Japani, ambalo utengenezaji wake ulikwisha kutoa moshi wake miaka kadhaa iliyopita. Hoja ya kuokoa chuma, inayotamba sana Ulaya, hupungua nguvu inapofika bandarini Mombasa.

Zaidi ya hayo, hewa ya ukaa si sumu pekee inayotoka kwenye eksozi. Magari ya kisasa yana kifaa cha katalitiki, yaani kopo lililofungwa kwenye bomba la moshi ambalo ndani yake mna madini ya platini, paladi na rodi, yanayogeuza monoksidi ya kaboni na mabaki ya petroli kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kwa pumzi ya binadamu. Peugeot 504 ya petroli ya miaka ya 1970 haina kopo hilo, na kwa kawaida petroli yake huchanganywa na hewa na kabureta, kifaa kisichokuwa na kompyuta ya kukisahihisha. Ndiyo maana gari moja la kale huweza kuchafua hewa ya mtaa kuliko magari mengi mapya yaliyo kwenye foleni hiyohiyo.

Hapa ndipo matunzo yanapokuwa suala la mazingira. Kabureta hupima mafuta kwa kufuata wingi wa hewa inayopita, lakini haijui uzito wa hewa hiyo; Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Gari lililorekebishwa Mombasa likapandishwa Nairobi bila kubadilishwa jeti, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha mafuta, litakunywa kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Fundi mzoefu hahitaji mashine kuligundua hilo: hufungua plagi na kuitazama ncha yake, ambapo rangi ya kahawia huonyesha mchanganyiko mzuri, masizi meusi makavu huonyesha mafuta yamezidi, na weupe huonyesha hewa imezidi na injini inachemka. Marekebisho ya jeti, pengo la pointi na muda wa cheche huchukua asubuhi moja, nayo hupunguza moshi na gharama ya petroli kwa pamoja. Inashangaza kwamba wengi hukimbilia rangi mpya na viti vya ngozi kabla ya kuyafanya.

Suala la risasi lilikwisha kupata ufumbuzi kwa kiasi kikubwa. Kwa miongo mingi madini hayo yenye sumu yalichanganywa kwenye petroli ili kuzuia injini isigonge, na pia yalikinga vikalio vya valvu visilike, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoyaondoa mwanzoni mwa mwaka 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Mwenye Land Rover ya zamani, ambayo silinda hedi yake ni ya chuma cha kalibu, anashauriwa kuipeleka kwa mchongaji ili iwekewe vikalio vigumu pindi injini inapofunguliwa.

Uchafuzi wa gereji ni mpana zaidi, nao hauonekani kirahisi kama moshi. Injini ya 504 huchukua takriban lita 4 za oili, na oili hiyo ikishatumika huwa imebeba vumbi la vyuma na kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Katika miji mingi ya ukanda huu oili chafu haitupwi ovyo tu. Hupakwa nguzo za uzio ili mchwa wasizile, hupakwa mbao za kumwagia zege, na humwagwa uani kutuliza vumbi. Matumizi hayo yanaonekana kuwa ya busara ya kubana matumizi, lakini yote huishia ardhini, na baadaye kisimani. Maji ya rediata yaliyochanganywa na kizuia kuganda cha glikoli nayo yana ladha tamu, hivyo mbwa au mbuzi akiyaramba kwenye beseni huweza kufa.

Breki za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nyuzi za madini zisizoungua ambazo zikivutwa ndani ya mapafu huleta maradhi baada ya miongo kadhaa. Kijana wa gereji anayefungua dramu na kupuliza vumbi lake kwa kompresa anajidhuru yeye na kila aliye karibu. Vumbi hilo hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hutupwa kikiwa bado kimelowa ndani ya mfuko uliofungwa. Rangi ya kisasa inayokazwa kwa kemikali za isosainati huanzisha pumu, na kipande cha kanga kilichofungwa puani hakizuii mvuke wake. Magari yenye kiyoyozi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990, kama vile Mercedes W123, yalitumia gesi iitwayo R-12, ambayo huharibu tabaka la ozoni na kuongeza joto la dunia takriban mara 10,000 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Maana yake ni kwamba fundi anayelegeza nati na kuiachia kilo moja ya gesi hiyo hewani anaharibu hali ya hewa kama vile amechoma zaidi ya lita 4,000 za petroli, yaani matumizi ya gari la Jumapili kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kuhusu betri, Afrika Mashariki ina fundisho lake. Katika kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi kiliwaathiri wakazi kwa sumu ya madini hayo. Mwanaharakati Phyllis Omido alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kuwapigania, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Gari linalokaa mwezi mzima bila kuwashwa huua betri mapema, na kila betri iliyokufa huelekea kwa wayeyushaji wa aina fulani. Kufungua waya wa betri gari linapoegeshwa hakugharimu chochote.

Kwa anayekusudia kuanza, uamuzi mkubwa hufanyika siku ya kununua. Bodi ya 504 ndiyo inayobeba gari zima, kwa kuwa haina chesisi ya pekee, hivyo kutu ikishakula vizingiti vilivyo chini ya milango, fundi wa bodi atatumia mabati, gesi ya kuchomelea, puti na rangi kupita thamani ya gari lenyewe. Land Rover, kinyume chake, ina bodi ya aloi ya alumini isiyooza upesi, ila chesisi yake ya chuma huoza. Mnunuzi na alale chini ya gari, agonge chuma kwa bisibisi, na aliache gari ambalo bisibisi imepenya, hata kama injini yake inanguruma vizuri, kwa sababu injini hupatikana na bodi nzima haipatikani. Na aliye na gari lililofunguliwa miaka mingi uani, likivuja oili chini ya mwembe huku spea zake zikipotea, amuuzie mwenye uwezo wa kulimaliza.