Je, Wajua? Disketi Iliyosahaulika Ilihatarisha Seva

QEMU, programu huria inayoiwezesha kompyuta moja kuendesha kompyuta pepe kadhaa, huiga hata vifaa vya kale. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iitwayo VENOM kwenye msimbo wake wa disketi. Ilikuwamo tangu 2004, na ingeweza kumruhusu mdukuzi atoroke kwenye kompyuta pepe na kuivamia seva yenyewe.

Ingawa msimbo wa kale unaweza kuleta hatari kama hiyo, watunzaji wa QEMU hawafuti kitu ghafla, maana huenda yupo anayekitegemea. Kipengele hutangazwa kwanza kuwa kitaondolewa, na kwa kawaida anayekitumia huonyeshwa onyo. Huendelea kufanya kazi kwa matoleo mawili, ndipo kiweze kufutwa. Ukiliona onyo hilo, usilipuuze: tafuta mbadala mapema, au wajulishe watunzaji kwamba bado unakihitaji.