Kuziba kwa Tundu la Sikio na Upimaji wa Mizani ya Mwili kwa Mitetemo ya Mfupa

Nomino sikio ina uhusiano wa wazi na kitenzi sikia. Hata hivyo, uhusiano huo umeifunika kazi ya pili ya kiungo hiki. Katika sikio la ndani mna koklea, inayohusika na usikivu. Mna pia mifereji mitatu ya nusuduara na vifuko viwili, utrikuli na sakuli, vinavyoujulisha ubongo jinsi kichwa kilivyoelekea na kinavyosogea. Sehemu hizi zikipatwa na hitilafu, mtu huona kizunguzungu na kupepesuka. Makala haya yanafafanua jinsi kuziba kwa tundu la sikio kunavyohusiana na vipimo vya mizani hiyo.

Mwaka 1992, Colebatch na Halmagyi walieleza kwamba mlio mkali ukipigwa sikioni, msuli wa shingo uliokazwa huitikia kwa muda mfupi mno. Itiko hilo, ambalo hunaswa kwa elektrodi zilizobandikwa shingoni, hutokana hasa na sakuli. Kichocheo chaweza kupitia hewani, yaani tunduni, kwenye kiwambo cha sikio na vifupa vitatu. Au kupitia mfupani, kwa kifaa kinachotetemesha fuvu, aghalabu kwa hezi 500. Nta au ugonjwa wa sikio la kati huidhoofisha njia ya kwanza. Njia ya pili huvikwepa vizuizi hivyo, na ndiyo maana huwafaa wagonjwa wa aina hiyo.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba fuvu likitetemeka, kuta za tundu la sikio nazo hutetemeka na kuzaa sauti. Tundu likiwa wazi, sehemu kubwa ya sauti hiyo hutoka nje. Likizibwa, hunaswa na kuelekea kwenye kiwambo. Athari hii hudhihirika katika sauti nzito, hasa chini ya hezi 1000. Mwanafunzi wa fonetiki aweza kuithibitisha: azibe masikio kwa vidole, kisha atamke [m] kwa kuivuta, halafu [s]. Nazali hiyo ghuna itavuma kichwani. Kikwamizi hicho sighuna hakitavuma hivyo.

Je, mvumo huo ni ushahidi kwamba sakuli imechochewa zaidi? La. Ukubwa wa sauti inayosikika ni habari ya koklea. Hata kiziwi ambaye viungo vyake vya mizani ni vizima aweza kutoa itiko la msuli. Mtetemo wa fuvu huifikia sakuli moja kwa moja, tundu liwe wazi au limezibwa. Hata hivyo, kwa kuwa kipimo hiki hulinganisha kulia na kushoto, ni busara masikio yote mawili yakaguliwe na yawe katika hali moja. Sikio moja likiachiwa kizibo na jingine likawa wazi, ulinganisho huingia shaka.

Suala hili ni la lugha pia. Mgonjwa asemapo "sikio limeziba", huenda anamaanisha nta, na huenda anaeleza hali ya kujaa inayotokana na ugonjwa wa sikio la ndani, kama ule wa Ménière. Kauli ni moja, tiba ni mbili. Mkalimani akiifasiri kwa maana moja tu, mgonjwa aweza kusafishwa sikio lisilo na nta, na kizunguzungu chake kikabaki palepale.