Mchagua Nazi Hupata Koroma

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa mwezi wa Julai, nyumba nyingi huingiwa na furaha kwa siku mbili, kisha huingiwa na ugomvi. Ugomvi wenyewe hauhusu kufaulu, maana mtoto amekwisha kufaulu. Unahusu chuo. Baba amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe atakuwa daktari, na kwamba atasoma Muhimbili wala si penginepo. Mtoto mwenyewe amenyamaza.

Yafaa tujiulize fikira hii ilitoka wapi. Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la TANU kwenye mtaa uitwao leo Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kabla ya hapo, kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada ilimlazimu aende Makerere, au avuke bahari. Aliyerudi nayo alikuta kazi inamngoja. Basi wazazi wa siku zile hawakukosea walipoona kwamba mlango ni mmoja. Ulikuwa mmoja kweli.

Leo sivyo. Chuo Kikuu cha Sokoine kilisimama Morogoro mwaka 1984. Mwaka 2007 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka huo huo Ardhi na Muhimbili vikawa vyuo vikuu vyenye kujitegemea. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1957, ndicho leo Taasisi ya Teknolojia. Milango imeongezeka, ila macho ya wazazi yangali yanatazama ule wa zamani.

Tena yapasa ifahamike kwamba sifa ya kuomba si ahadi ya kupata. Kwa masomo mengi ya shahada hutakiwa ufaulu wa masomo mawili makuu, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Lakini udaktari una viti vichache, kwa kuwa hauwezi kufundishwa pasipo maabara, walimu na vitanda vya wagonjwa. Kijana mwenye pointi 9 amefanya kazi njema. Akishindana na wenye 14 na 15 hata nafasi zikaisha, hakuna aliyemdhulumu, wala hakuwaaibisha wazazi wake.

Mfanyakazi wa karakana ajua jambo hili kuliko sisi: spana ya namba 17 haifungui nati ya namba 13, hata ingetengenezwa kwa fedha tupu. Mtoto apendaye udongo na mimea, akisukumwa katika sheria kwa ajili ya jina la sheria, huenda akaanguka mwaka wa pili. Hapo hasara si ya heshima peke yake. Mkopo wa Serali hausamehewi kwa sababu baba ndiye aliyechagua. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 iliagiza makato ya asilimia 15 ya mshahara, na mshahara huo ni wa mtoto.

Wako pia wazazi wanaoidharau stashahada, kana kwamba ni njia ya walioshindwa. Ni njia ndefu, lakini haijafungwa. Mwenye stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada, na huingia darasani akiwa tayari ameishika kazi kwa mikono yake.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla dirisha la maombi halijafungwa, keti na mwanao, mbele yenu pawe na matokeo yake na kitabu cha mwongozo wa vyuo. Muulize ni somo gani alilolisoma bila kuamrishwa. Kisha nyamaza wewe, umsikilize. Majirani uliowatangazia hawatamfanyia mtihani.