Je, Wajua? Ukurasa Mmoja, Seva Nyingi

Je, wajua kwamba ukurasa unaoufungua kwa simu ukiwa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, huenda umekusanywa papo hapo kutoka seva za nchi kadhaa? Maandishi yako huku, ramani kule, video kwingine. Mwenye ukurasa amepachika anwani tu. Kivinjari chako ndicho kinachokwenda kuchukua kila kipande.

Wajua kwamba fremu ya kupachika ukurasa ndani ya ukurasa iliingia rasmi katika HTML 4.0, Desemba 1997? Hadi leo inatumika.

Wajua kwamba sauti za Burundi zilipita njia hii katika siku ngumu? Mei 13 na 14, 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio za RPA, Isanganiro na Bonesha pamoja na televisheni ya Renaissance zilishambuliwa, zikanyamaza. Mwezi huohuo wanahabari wakaanzisha SOS Médias Burundi: habari kwenye mitandao ya kijamii, sauti kwenye SoundCloud, kampuni yenye makao yake Berlin. Yeyote aliyepachika kichezeo cha SoundCloud kwenye tovuti yake, awe Kigali au Brussels, aliirusha sauti hiyo bila mnara wala masafa. Kuchoma studio hakukutosha tena kuizima habari, na hilo bado linanigusa.

Lakini wajua kwamba ghala lenyewe la sauti hizo nusura liporomoke? Julai 2017 SoundCloud iliachisha kazi watu 173, karibu asilimia 40 ya wafanyakazi wake. Mwezi uliofuata ikaokolewa na mtaji wa dola milioni 169.5. Ingefungwa, vichezeo vyote vilivyopachikwa duniani vingebaki visanduku vitupu. Ushuhuda wa 2015 haurekodiwi mara ya pili. Kwa hiyo apachikaye apachike, ila nakala halisi ikae pia kwenye diski ya wenyewe.

Wajua kwamba Ushahidi, programu ya Kenya ya kukusanya ripoti kwenye ramani, ilizaliwa kwa mbinu hiihii? Google ilifungua ramani zake kwa waandaaji programu Juni 2005. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh, David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman waliweka ripoti za mashuhuda juu ya ramani hiyo. Kabla mwaka haujaisha, programu hiyo ilikuwa ikitumika pia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ramani ya bure nayo ina mwenyewe: mwaka 2018 Google ilibadilisha masharti ya malipo, na tovuti ambazo hazikufungua akaunti ya kulipia zikaona ramani zao zimetiwa giza. OpenStreetMap, iliyoanza 2004, ina utaratibu mwingine. Kijana wa Kamenge anaweza kuongeza mwenyewe jina la barabara inayokwenda hospitali ya chuo kikuu, na kurasa zinazochukua ramani hiyo moja kwa moja zitaionyesha bila kuguswa na wenyewe.

Wajua kwamba kilichopachikwa kinaweza kubadilishwa baada ya wewe kukiamini? Mapema 2024 anwani ya polyfill.io, iliyogawa msimbo kwa tovuti nyingi, iliuzwa. Juni mwaka huo ikagunduliwa inapeleka wasomaji kwenye kurasa za ulaghai. Tovuti zaidi ya 100,000 ziliathirika, na wenyewe hawakuwa wamebadilisha hata herufi moja. Kwa faili isiyotarajiwa kubadilika, kinga ipo: mwenye ukurasa aandike alama ya utambulisho wa faili, na kivinjari kitaikataa faili ikibadilishwa.

Na wajua kwamba video ya YouTube iliyopachikwa hula mega kabla hujaibonyeza? Kichezeo peke yake hupakua mamia ya kilobaiti za msimbo. Anayewaandikia watu wanaonunua mega kidogokidogo aweke picha tu, na kichezeo kiitwe pale msomaji anapoibonyeza. Ni mistari michache ya msimbo.