Ngano ya Basotu na Ardhi ya Wabarabaig

Katika ziara zetu tunaulizwa mara kwa mara kwa nini wafugaji wa Hanang wanaingiwa na wasiwasi kila mradi unapoanza kwa kupima ardhi. Jibu liko Basotu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano huko. Shirika la umma la NAFCO lilipata mashamba saba, miongoni mwao Basotu, Setchet, Mulbadaw na Gawal, yaliyochukua takriban ekari 100,000. Ngano ilipatikana kweli, na nchi iliihitaji. Lakini ardhi hiyo haikuwa pori tupu.

Wabarabaig ni sehemu ya Wadatoga (majirani huwaita Wamang'ati, jina wasilolipenda). Walihamisha mifugo kwa zamu kutoka malisho hadi malisho kufuata majira. Bonde lenye rutuba, waliloliita muhajega, ndilo lililokuwa bora kuliko yote, na ndilo lililolimwa. Anayeona ng'ombe wakiwa mahali pengine kwa miezi kadhaa hudhani eneo halina mwenyewe, kumbe limepumzishwa. Muhajega ulipokwisha, mifugo ilibanwa kwenye malisho yaliyobaki, udongo ukachoka na maziwa yakapungua.

Kilichowaumiza zaidi ni makaburi. Mzee anayeheshimika huzikwa kwa bung'ed, kilima cha udongo kinachojengwa kwa ibada za miezi mingi, na ukoo huendelea kukitembelea. Baadhi ya vilima hivyo vilipitiwa na matrekta. Watu walilalamika pia kuchomewa nyumba, kupigwa na kutozwa faini ng'ombe walipokatiza shambani.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, wakashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu: kijiji hakikuthibitisha kuwa kimepewa ardhi ile, na wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya sheria. Sisi tunaoishi huku bado tunashangaa. Mwaka 1989 wazee wa Kibarabaig waliwaandikia wananchi wa Kanada barua ya wazi, na mwaka 1993 Tume ya Jaji Robert Kisanga ilichunguza malalamiko ya ukiukaji wa haki za binadamu. NAFCO ilipovunjika, sehemu ya mashamba ilirudi kwa wananchi, nyingine ikaenda kwa wawekezaji.

Familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Leo utawakuta Wabarabaig Kilosa, Usangu na Rufiji, na huko nako huitwa wavamizi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila, zikiwamo za malisho, ingawa Rais bado anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Mulbadaw walishindwa kwa kukosa uthibitisho. Kwa hiyo tunaomba kila kamati ya usharika, Mbulu na Hanang, iulize ofisi ya kijiji mambo mawili: je, cheti cha ardhi ya kijiji kipo? Na je, malisho, njia za mifugo na makaburi vimo katika mpango wa matumizi ya ardhi? Wafadhili wetu watatusaidia zaidi wakichangia upimaji wa mipaka, na wafugaji wakiwapo siku ya kupima, kina mama pia.